Jina la Mama Fulani

Jioni, kwenye kituo cha Mnarani, upande wa kusini wa daraja la Kilifi, harufu ya mafuta ya moto hukufikia kabla ya mtu kukusalimu. Karai zimeinjikwa, vibua na tafi wamechanjwa na kupakwa chumvi na pilipili, na moshi wa kuni unakwenda kule upepo unakoupeleka. Wanawake wanaokaanga samaki hawa pwani yetu huitwa mama karanga, na kila mmoja ana wateja wake wasiohama. Nami nina wangu. Siku moja sikuwa na noti mkononi, nikamwomba namba ya simu, akaitaja mbiombio huku akigeuza samaki. Nikabonyeza. Kabla ya kutuma, simu ikaniuliza kama kweli namtumia mtu huyu, ikanionyesha majina matatu. Nikasita. Miaka yote ya kununua samaki kwake sikuwahi kuyasikia. Kwetu sote yeye ni Mama Fulani, kwa jina la kifungua mimba wake, kijana ambaye sasa ana ndevu na anaendesha boda ng'ambo, mjini. "Ndimi huyo," akasema bila kuinua uso, "tuma tu." Majina hayo sitayaandika hapa. Ni yake, na mimi sikupewa, niliyaona.

M-Pesa ilipoanza, mwaka 2007, tuliisifu kwa kutupunguzia safari na hofu ya wezi. Sikumbuki aliyetabiri kwamba ingetufunulia majina ya mama zetu. Lakini ndivyo ilivyokuwa. Kila siku, mbele ya meza za mboga, kwenye karai za viazi na mabeseni ya mahamri, mtu husoma kwenye kioo jina la mwanamke aliyemjua nusu ya umri wake, akashangaa kidogo, akatuma pesa, akaendelea kumwita vilevile. Mimi nami niliendelea. Ningeanzaje, ghafla, kumwita mtu mzima jina lake kavu? Angedhani nimekosa adabu, na angekuwa na haki.

Kwa maana jina la Mama Fulani kwetu ni cheo. Halitolewi bure. Wahenga walisema kulea mimba si kazi, kazi ni kulea mwana, na anayeitwa kwa jina la mwanawe anatambuliwa kuwa kazi hiyo ameifanya, au angalau ameianza na hajakimbia. Msichana aliyekuwa akiagizwa dukani na kila mtu hujifungua, na arobaini zikiisha hata wazee hubadili sauti wanapomwita. Amepanda daraja. Sijawahi kuona sherehe ya kufuzu iliyo na uzito wa namna hiyo. Wale wanaoliona jina hili kuwa kifungo tu, nadhani hawajaona mwanamke akiitwa hivyo kwa mara ya kwanza, akageuka kutazama nyuma kama anaitwa mwingine, kisha akatabasamu.

Ila cheo hiki kina upande wake wa giza, nao huujui mpaka uketi karibu na asiyekuwa nacho. Mwanamke aliyeolewa miaka mingi na hajapata mtoto hupita katikati ya majina hayo kila siku. Wenye huruma humwita kwa jina la mtoto wa kaka yake, au humwita Mama bila kumalizia, na ile nafasi tupu baada ya neno humwuma kuliko tusi. Yupo pia aliyezika. Kifungua mimba wake amelala makaburini, na mtaa mzima bado unamwita kwa jina lake, asubuhi kwa jioni, kwa nia njema kabisa. Nimewahi kujiuliza kama mwanamke wa namna hiyo anataka jina libadilishwe au anaomba lisibadilishwe kamwe. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi.

Wanaume nao huitwa Baba Fulani, mtu ataniambia. Kweli. Lakini jina hilo la baba hulala nyumbani. Akitoka nje huwa Fundi, huwa Nahodha, huwa Mzee kwa jina lake mwenyewe, na pale maskani, penye kahawa na bao, jina alilopewa na wazazi hupigiwa kelele mchana kutwa. Jina lake linatembea. La mama karanga wetu limekaa ndani ya kitambulisho, kitambulisho kimo ndani ya pochi, pochi imefungwa kwenye pindo la leso.

Huwezi kukaa Kilifi ukafikiri juu ya majina ya wanawake bila kufika kwa Mnyazi wa Menza. Ukimtaja hivyo, wengi watakuuliza ni nani. Mtaje kwa jina alilopewa na uzazi wake, Mekatilili, mamake Katilili, na hata mtoto wa chekechea atakujibu. Mwaka 1913 Mekatilili alizunguka vijiji vya Wagiriama akiwachochea watu wakatae kodi ya vibanda na wakatae kuwatoa vijana wao wakafanye kazi za Waingereza. Alikusanya watu kwa kifudu, ngoma ya msiba, ngoma ya wanawake, ambayo hakuna afisa wa kikoloni angeifikiria kuwa ni mkutano wa siasa. Inasimuliwa kwamba kwenye baraza moja mbele ya afisa aliyeitwa Arthur Champion alileta kuku na vifaranga wake, akamwambia mzungu ajaribu kuchukua kifaranga kimoja. Mzungu akanyoosha mkono, kuku akamrukia. Hivi ndivyo itakavyokuwa, akasema, ukigusa wana wetu. Hata kama hadithi hiyo imeongezwa chumvi njiani, watu wameihifadhi miaka zaidi ya mia kwa sababu inasema jambo wanalolijua. Waingereza walimkamata yeye na mzee Wanje wa Mwadorikola, wakawapeleka uhamishoni, mbali kabisa, magharibi ya nchi. Mwaka 1914 wakatoroka, wakatembea kwa miguu nchi nzima kurudi pwani. Mwaka huohuo Waingereza wakailipua Kaya Fungo, kaya takatifu ya Wagiriama, kwa baruti. Leo sanamu ya Mekatilili imesimama Malindi.

Nimeitazama hadithi hii kwa muda mrefu nikitafuta mahali ambapo umama ulimzuia, na sijapaona. Umama ndio uliompa mahali pa kusimama. Hakusema mbele ya wazee kama mtu aliyeacha nyumba yake kwanza ili apate kusema. Alisema kama mama wa mtu, na kwa hiyo mama wa wote. Kazi yake, jina lake na uzazi wake vilikuwa kitu kimoja. Hapo ningeweza kuishia na kufurahi. Lakini kuna jambo dogo ambalo vitabu hulipitia haraka: Mekatilili alikuwa mjane. Kwa desturi ya Wagiriama mjane alikuwa na nafasi ya kusema mbele ya wazee ambayo mke wa mtu hakuwa nayo. Alikuwa na mwana na alikuwa na jina. Nyumbani hakukuwa na mtu wa kumwuliza unakwenda wapi.

Tangu niligundue hilo nimekuwa na tabia mbaya ya kuulizia waume. Mwana Kupona binti Mshamu, yule wa Pate, ambaye utendi wake kwa bintiye Mwana Hashima umefundishwa kwa vizazi kama kioo cha mke mwema, aliutunga mwaka 1858. Mumewe, Bwana Mataka wa Siyu, alikuwa amefariki miaka miwili kabla. Kwa hiyo kitabu chetu mashuhuri zaidi cha kumtunza mume kimeandikwa na mwanamke asiyekuwa na mume wa kumtunza, mgonjwa, mwenye mtoto wa kike na haraka ya kumwachia kitu. Vuka bahari uende Unguja. Msichana wa Fumba aliyepewa jina la Mtumwa alizaliwa katika ukoo uliotoka utumwani, akauza vyungu, akaolewa, akaachika akiwa na mtoto, akaja mjini. Mji ulipoisikia sauti yake ukamwita Siti, na mwaka 1928 akasafiri hadi Bombay kurekodi nyimbo zake kwenye sahani za santuri. Shaaban Robert alimwandikia wasifu. Na karibu nasi zaidi kwa miaka, Wangari: mume alipompa talaka na kutaka aache kutumia jina lake, yeye aliongeza herufi moja tu katikati, Mathai likawa Maathai, akaenda nalo mpaka akapokea tuzo ya Nobel mwaka 2004. Napenda sana herufi ile.

Nikiwaweka hawa pamoja, mjane, mjane, mtalaka, mtalaka, sipati raha. Nisieleweke vibaya, sisemi ndoa ni adui wa jina la mwanamke. Wapo wengi waliotunga, waliotibu, waliofundisha huku waume zao wakiwashikia taa. Lakini majina tunayoyakumbuka kwa urahisi zaidi ni ya wanawake ambao kamba ya nyumbani ilikuwa imelegezwa na kifo au na talaka. Na Mnarani ya leo imejaa wanawake ambao kamba zao hazijalegea. Wana waume, wana watoto, wana mavyaa chumba cha pili, wana kazi, na hawataki kumzika yeyote ili wapate nafasi. Hao hadithi yao bado haina sanamu.

Wengi wao huvuka daraja. Daraja la Kilifi lilifunguliwa mwaka 1991. Kabla yake kulikuwa na feri, na wazee bado wanahesabu mambo kwa kusema enzi za feri. Upande wetu wa kusini kuna nyumba, mashamba ya minazi na mikorosho, hoteli, na magofu ya mji wa kale juu ya mwamba. Upande wa kaskazini kuna mji wenyewe: soko, ofisi za kaunti, hospitali, KEMRI ambayo imekuwa ikitafiti malaria na maradhi ya watoto pale tangu 1989, na Chuo Kikuu cha Pwani kilichopata hati yake mwaka 2013. Ukisimama darajani asubuhi, maji ya hori yakiwa bado ya kijivu huko chini, utawaona. Mmoja yuko nyuma ya boda na beseni la maembe, mwingine amevaa sare nyeupe chini ya buibui. Mmoja anatembea kwa miguu kuokoa nauli, viatu vya ofisini vimo kwenye mfuko wa plastiki. Nao hubadilika majina wakiwa njiani. Aliyeondoka Mnarani akiwa Mama Fulani hufika ng'ambo akawa Sista wodini, Madam darasani, Daktari kwenye mlango wenye kibao. Jioni huyarudisha majina hayo kwa utaratibu uleule. Sijui ni mahali gani hasa darajani ambapo si huyu wala yule, lakini nadhani panakuwapo, na nadhani baadhi yao hupatembea polepole kwa makusudi.

Watu wa semina, wale wanaokuja na chati na chai ya saa nne, humwambia mwanamke huyu kwamba siri ni kusawazisha. Asawazishe kazi na nyumba, asawazishe watoto na ndoto zake. Nikilisikia neno hilo namkumbuka mwanamke mwenye mtungi wa lita 20 kichwani akipanda kutoka bombani. Ni kweli anasawazisha. Shingo yake haijatulia hata nukta moja, inahesabu kila jiwe, na kiuno kinajibu. Wageni humpiga picha. Kile ambacho picha haikioni ni kwamba mtungi ule hakujitwika mwenyewe. Lita 20 za maji hazipandi kichwani zenyewe. Pale bombani kulikuwa na mtu mwingine aliyeinama naye, wakahesabu moja mbili, akamtwika. Na mbele ya safari lazima awepo wa kumtua. Tunasifu shingo, tunawasahau waliotwika.

Kwa hiyo swali langu kwa kila mwanamke aliyefanikiwa, na nimewaudhi baadhi kwa swali hili, ni nani aliyekutwika. Jibu karibu kila mara ni mwanamke mwenziwe. Sista wa wodini ametwikwa na dada wa kazi, msichana aliyetoka Ganze au Magarini, ambaye anambeba mtoto asiyekuwa wake, anajua kilio kipi ni cha njaa na kipi cha usingizi. Dada huyo mara nyingi naye ana mtoto. Mtoto huyo yuko nyumbani Ganze kwa nyanyake, ambaye Wagiriama humwita hawe, mzee ambaye tulidhani ameshalea vya kutosha. Mnyororo unashuka hivyo, kila mwanamke akimwachia aliye chini yake uzito ambao hawezi kuubeba akiwa kazini, mpaka umfikie yule ambaye chini yake hakuna mtu. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mshahara nao unashuka pamoja na mnyororo, ukipungua kila pete, na ukifika kwa hawe umekuwa ni sukari na shukrani.

Wengine wamevuka mbali kuliko daraja. Hakuna kijiji katika kaunti hii kisichokuwa na binti Saudia. Huko analea watoto wa watu, na wake anawalea kwa simu, usiku wa manane, sauti ikitumwa vipande vipande: umekula, umefanya kazi ya shule, mpe nyanya simu. Pesa zinafika. Bati jipya linaonekana kwa mbali, karo imelipwa. Mtoto anamtambua mamake kwa sauti kabla ya sura. Huwa nasikia watu wakiwalaumu wanawake hawa barazani, kwamba wameacha watoto, na walaumu wengi ni wanaume ambao nao, enzi za melini na hoteli za Mombasa, waliacha watoto miaka mingi na wakarudi wakapokewa kwa vigelegele. Mshika mbili moja humponyoka, huambiwa mwanamke mwenye kazi na mtoto. Mvuvi anayelima, anayefuga mbuzi na kukaa kwenye kamati ya msikiti au ya kanisa hakuna amwambiaye hivyo. Huyo huitwa mchapakazi.

Sheria zetu zimejaribu, lazima niseme. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa mama miezi mitatu ya likizo yenye malipo, na baba wiki mbili. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka mwajiri atenge mahali pa mama kunyonyesha kazini. Ukizisoma ukiwa umekaa utadhani tumefika. Kisha unakumbuka tarehe 7 Agosti 2019, siku ambayo Zuleikha Hassan, mwakilishi wa wanawake wa Kwale, kaunti jirani, aliingia katika ukumbi wa Bunge la Taifa na mtoto wake wa miezi mitano, kwa kuwa asubuhi ile nyumbani kulitokea dharura na hakuwa na wa kumwachia. Akaamriwa atoke. Baadhi ya wabunge wanaume walipiga kelele za kumfukuza. Kanuni hairuhusu wageni ukumbini, walisema, na mtoto ni mgeni. Bunge lililopitisha sheria ya kunyonyesha kazini lilimwona mtoto anayenyonya kuwa mgeni! Mimi naliona tukio hilo kuwa na manufaa kuliko semina kumi. Kwa dakika chache, mbele ya kamera, mnyororo ulikatika. Hakukuwa na dada wala nyanya wa kuficha kazi, na mtoto akaonekana.

Na huyo alikuwa mbunge. Mama karanga hana mwajiri wa kumdai chumba. Mtoto wake hukaa chini ya meza, kwenye kivuli cha beseni, akichezea magamba ya samaki. Likizo yake ya uzazi ni akiba iliyobaki kwenye chama, ikiisha anarudi kwenye moto. Hata hivyo kuna kifungu kimoja kinachomgusa, ingawa huenda hajakisikia. Sheria ya Mali ya Wanandoa ya mwaka 2013 inasema kwamba mchango ndani ya ndoa si pesa peke yake. Kupika, kulea, kutunza nyumba na kulima shamba navyo vinahesabiwa. Baadaye, Januari 2023, Mahakama ya Juu ikafafanua kwamba hilo halimaanishi nusu kwa nusu moja kwa moja, kila mmoja athibitishe alichochangia. Najaribu kuwaza ushahidi huo utakavyoletwa. Mwanamke atapanda kizimbani na nini? Na mikono yake? Mume ana risiti za saruji. Yeye ana watoto waliokua.

Nguvu za nyumba nazo zinahama, kimyakimya, wala hakuna aliyetangaza. Kiwanda cha korosho cha Kilifi kilikufa miaka ya 1990, hoteli zimekuwa zikifunga na kufungua, samaki wakubwa wamekuwa adimu na wakipatikana huchukuliwa na matajiri wenye mafriji. Samaki wadogo, wale wasiotakiwa na hoteli, ndio riziki ya mama karanga, na katika nyumba nyingi riziki hiyo ndogo ya kila siku ndiyo inayonunua unga. Mume bado anaitwa mwenye nyumba. Mke anajua mfuko gani umeinunua ile sahani, anajua pia wakati wa kunyamaza. Nimewaona vijana wa kiume wanaovunja mwiko, wanaompeleka mtoto kliniki wakiwa wameshika kile kijitabu cha mama na mtoto, ambacho hata jina lake haliwatarajii wao. Wenzao huwacheka: amekaliwa, amelishwa kitu. Mmoja wao alinijibu kwamba mtoto akiwa na homa hamwulizi mtu jinsia yake. Sikupata la kuongeza.

Kisha liko lile jambo ambalo ni gumu zaidi kulisema kwa sababu haliuzwi wala haliliwi. Mama ameshughulikiwa, mfanyakazi ameshughulikiwa, mke ameshughulikiwa. Aliyebaki, yule wa kwenye kitambulisho, anataka nini? Kwenye daftari la chama anaandikwa kwa jina lake, na mwenyekiti akiliita yeye huitika akalipa. Kwenye leso pia kuna fununu. Sisi pwani husema kila leso ina jina, yale maneno yaliyopigwa chapa chini, na mwanamke hulichagua kwa muda mrefu, akizigeuzageuza dukani mpaka mwuzaji achoke. Jina hilo hakupewa na baba, mume wala mtoto. Amelinunua mwenyewe, amelivaa kiunoni, na anayehusika atasoma.

Juu ya mwamba, kwenye magofu, kuna msikiti wa kale na kaburi la mnara ambalo limeupa mtaa wetu jina. Watu waliishi pale tangu karne ya 14 hadi mwanzoni mwa karne ya 17, na msikiti huo ulipambwa kwa maandishi ya kuchongwa ambayo wataalamu wameyastaajabia. Sijawahi kuonyeshwa pale kaburi linalosemwa kuwa la mwanamke. Kisima nimeonyeshwa, na nikiinama kukitazama hujiambia kwamba hapa ndipo wanawake walipokuwa kila siku. Mibuyu ya pale ina kivuli kizuri mno. Wanaume huja wakaketi, hakuna awaulizaye. Siku moja nilimwona mwanamke wa makamo ameketi chini ya mbuyu, peke yake, hana mtoto, hana kikapu, hasukani, haongei na simu. Wapita njia walimsalimu kwa wasiwasi. Kuna nini? Umefiwa? Unamsubiri nani? Alisema hapana, nimeketi tu. Hawakumwamini hata kidogo. Wakaenda wakigeuka nyuma, na mimi, ambaye nilijidai kuelewa, nilikuwa nimeshaanza kumtungia sababu.

Wagiriama wana ujanja wao wa kuyarudisha majina. Mtoto hupewa jina la babu au la nyanya, na ukoo wa baba hutangulia. Kwa hiyo jina la mwanamke ambalo lilizimwa siku alipojifungua mwana hurudi mwana huyo akipata binti. Linarudi uani, linaitwa kwa sauti, linaandikwa ubaoni shuleni. Mkaza mwana hupata taabu, maana hawezi kulipigia kelele jina la mavyaa wake, hata kama limevaliwa na kitoto kilichomwaga uji. Humtafutia jina la utani. Nyanya mwenyewe hana taabu hiyo. Jirani yangu mmoja, ambaye nilimjua miaka mingi kwa jina la mwanawe, hulitaja jina lake siku nzima sasa, akimtuma mjukuu chumvi, akimfukuza kwenye mchanga, akimtisha kwa fimbo asiyoitumia. Nilimwuliza haoni ajabu kujigombeza hivyo mbele ya watu. Akacheka, akaita tena, hakuitikiwa. "Huyu ana bahati," akasema. "Yeye akiitwa, anaweza kukataa kuja." Na mtoto kweli hakuja.